CHANJO IKIHARIBIKA HAINUKI
Somo la kipimajoto, sanduku la baridi na daftari, kwa wakulima wa skimu za Borabu na jirani zao wa Kisii na Nyamira

Ndugu wakulima, maziwa yakipata joto hayafichi siri. Yakikawia njiani mpaka saa sita ya mchana, mpokeaji wa kituo hufunua kopo na kunusa, kisha huchanganya maziwa kidogo na spiriti. Yakiganda, huyakataa papo hapo, na mwenyewe huyarudisha nyumbani kwa ndama. Majani ya chai nayo ni vivyo hivyo: yakishindiliwa ndani ya gunia hupata moto, hugeuka rangi, na karani wa kituo huyatenga. Katika mambo hayo mawili, jicho na pua vyatosha kumfundisha mtu.

Chanjo ya mifugo sivyo ilivyo. Ikipata joto kali mara nyingi haibadiliki rangi, hainuki wala haigandi. Kichupa kilichoharibika na kichupa kizima hufanana kama mapacha. Daktari wa mifugo atachoma sindano, mkulima atalipa, ng'ombe atarudi malishoni, na kila mtu atalala akidhani kwamba kinga imeingia. Ugonjwa ukija miezi miwili baadaye, ng'ombe aliyechanjwa na yule asiyechanjwa huugua pamoja. Hapo ndipo watu husema, "Chanjo ni uongo." Mwaka unaofuata hawaleti mifugo yao kuchanjwa, na hasara ya kichupa kimoja huwa hasara ya kijiji kizima.

Somo la mwezi huu lina neno moja tu la kukumbuka: kwa kuwa jicho haliwezi kuijua chanjo iliyoharibika, hatuna budi kutegemea kipimajoto pamoja na daftari. Na mkulima anayo haki ya kuviona vyote viwili kabla ng'ombe wake hajachomwa sindano.

KWA NINI CHANJO YATAKA BARIDI

Chanjo si dawa ya kuponya. Ni kitu kinachoufundisha mwili wa mnyama kuutambua ugonjwa kabla haujafika. Chanjo nyingine zina vijidudu vilivyo hai, lakini vimedhoofishwa visilete ugonjwa. Nyingine zina vijidudu vilivyokwisha kuuawa, pamoja na dawa ya kuamsha mwili. Joto huviua vile vilivyo hai, nalo huvunjavunja umbo la vile vilivyouawa hata mwili usivitambue tena. Ni kama kumfundisha mtoto kusoma kwa kitabu kilicholowa maji hata herufi zikafutika. Mwalimu yupo, mtoto yupo, lakini hakuna somo.

Kwa hiyo chanjo nyingi za mifugo hutakiwa kuwekwa katika baridi ya digrii 2 hadi 8 za sentigredi, tangu siku zinapotoka kiwandani hata dakika ya kuchanja. Tafadhali yatazameni maneno hayo vizuri: si chini ya 2, wala si juu ya 8.

Wako wakulima wanaosema, "Huku kwetu ni milimani, baridi ipo ya kutosha." Ni kweli kwamba nchi yetu iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na asubuhi za Nyansiongo na Kijauri humtaka mtu avae koti. Lakini kwa kawaida hata usiku wetu hubaki juu ya digrii 8, na mchana joto hupita digrii 20. Baridi inayomtetemesha mtu bado ni joto kwa chanjo. Ngozi yetu si kipimajoto.

CHANJO SI ZA NAMNA MOJA

Kosa la kwanza ni joto. Kosa la pili, ambalo wengi hawalijui, ni baridi kupita kiasi. Mtu husikia kwamba chanjo yataka baridi, akaitia mahali pa kugandishia barafu, akidhani amefanya vizuri mara mbili. Basi tuzitofautishe.

Chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo, ambayo hutengenezwa Embakasi, Nairobi, ina vijidudu vilivyouawa. Ikipata joto huharibika, na ikiganda pia huharibika. Ikisha kuganda, hata ikiyeyuka tena na kuonekana nzuri, haifai. Chanjo ya chambavu nayo isigandishwe kamwe.

Chanjo ya ugonjwa wa mapele ya ngozi ya ng'ombe, na nyingi za chanjo za kideri cha kuku, zina vijidudu hai. Baadhi yake huja zikiwa ungaunga mkavu, na huchanganywa na maji yake maalumu wakati wa kutumia. Zikisha kuchanganywa, maisha yake huhesabiwa kwa saa tu. Kilichobaki jioni humwagwa kama daktari anavyoelekeza. Hakiwekwi mpaka kesho.

Chanjo ya ndigana kali, ule ugonjwa unaoletwa na kupe wa masikio na kuua ndama wetu wengi wa gredi, ina sheria yake peke yake. Iligunduliwa na wataalamu wa Muguga, karibu na Nairobi. Hiyo huishi ndani ya mtungi wa naitrojeni iliyofanywa kuwa maji, katika baridi ya digrii 196 chini ya sifuri. Ni mtungi wa aina ileile anaobeba bwana wa kupandisha ng'ombe kwa sindano. Ikitolewa na kuyeyushwa, lazima itumike kwa muda wa saa chache, wala hairudishwi mtungini. Ndiyo sababu daktari huwaomba wakulima wakusanye ndama wengi siku moja, na ndiyo sababu hakubali kungoja mtu aliyechelewa mpaka jioni. Si kiburi, saa zinakwenda.

Kwa hiyo msomaji asikariri kwamba "chanjo zote ni digrii 2 hadi 8." Asome karatasi iliyobandikwa juu ya kichupa. Kila kichupa kina sheria yake imeandikwa, pamoja na tarehe ya mwisho wa kutumika.

SOTOKA ILISHINDWAJE?

Wazee walisimuliwa na babu zao habari za sotoka. Ugonjwa huo uliingia upande wetu wa Afrika katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, ukaangamiza ng'ombe karibu wote katika nchi nyingi, na njaa ikafuata. Katika miaka ya 1950 na 1960 huko Muguga, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo nzuri mno ya sotoka. Mwaka 1999 alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia kwa kazi hiyo.

Hata hivyo chanjo hiyo ilikuwa na taabu moja: ilitaka baridi njia nzima. Mahali palipokuwa na barabara na barafu ilifanya kazi. Kule jangwani kwa wafugaji wa kuhamahama, mahali pasipo umeme, ilikuwa vigumu kuifikisha ikiwa nzima. Baadaye wataalamu waliitengeneza upya kwa namna ya kukaushwa vizuri zaidi, ikaweza kustahimili karibu mwezi mzima bila barafu. Watu walipata kuibeba kwa miguu na kwa punda mpaka kambi za mbali. Mara ya mwisho sotoka ilionekana duniani ilikuwa mwaka 2001, katika nyati wa mbuga ya Meru hapa Kenya, na mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba sotoka imekwisha.

Jambo la kujifunza hapa ni hili. Chanjo iliyo bora kabisa hushindwa kama haifiki kwa mnyama ikiwa hai. Sotoka haikushindwa katika nyumba ya utafiti tu. Ilishindwa njiani pia. Chanjo nyingi tunazozitumia leo bado hazina uvumilivu ule, kwa hiyo njia yetu lazima iwe ya baridi.

NJIA YA KUTOKA NAIROBI MPAKA JOSHO LAKO

Kutoka Nairobi kupitia Narok, Bomet na Sotik mpaka kwetu ni safari ya kama kilomita 300. Chanjo huwekwa katika chumba cha baridi, ikatiwa garini, ikafika katika friji ya ofisi, ikahamishiwa katika sanduku la baridi, kisha ikapelekwa josho kwa pikipiki. Hiyo ni mikono mitano au sita. Mnyororo hukatika katika pete moja tu, na pete ile dhaifu kwa kawaida iko karibu na mwisho, mahali ambapo watu wamechoka na wana haraka.

Haya ndiyo yanayokata mnyororo mara kwa mara. Kichupa kutiwa mfukoni mwa koti. Mfuko wa plastiki kufungwa nyuma ya pikipiki, karibu na bomba la moshi. Sanduku kuachwa juani wakati watu wanashika ng'ombe. Gari kuegeshwa sokoni madirisha yamefungwa, dereva akiwa anakunywa chai. Katika kila jambo hapa hakuna mtu mbaya, kuna mtu asiyejua tu, au aliyejua akasema, "Ni dakika chache."

Sanduku la baridi lipangwe hivi. Pakiti za barafu zitolewe katika kigandishio, ziachwe mezani mpaka zianze kutoa jasho. Zitikiswe karibu na sikio: ukisikia maji yakicheza ndani, ziko tayari. Pakiti ngumu kama jiwe iliyotoka kugandishwa yaweza kuigandisha chanjo inayoigusa. Kisha zipangwe pande zote, chanjo ikae katikati ndani ya boksi lake au ikiwa imezungushiwa karatasi, na kipimajoto kikae pamoja nayo. Mfuniko ufungwe barabara, nalo sanduku liwekwe kivulini.

KIPIMAJOTO NA DAFTARI

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Kipimajoto peke yake hueleza habari ya sasa hivi. Daftari hueleza habari ya jana usiku, wakati watu walipokuwa wamelala na umeme umekatika.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme chama cha wakulima kina friji ya chanjo, na karani wake husoma kipimajoto mara mbili kila siku na kuandika digrii:

Jumatatu: asubuhi 4, jioni 5.
Jumanne: asubuhi 5, jioni 6.
Jumatano: asubuhi 5, jioni 13.
Alhamisi: asubuhi 6, jioni 5.
Ijumaa: asubuhi 4, jioni 1 chini ya sifuri.
Jumamosi: asubuhi 3, jioni 4.

Sasa daktari anafika Jumamosi asubuhi kuchukua chanjo ya miguu na midomo. Anatazama kipimajoto, anaona digrii 3. Kama hakuna daftari atasema friji ni nzuri, ataichukua chanjo na kuchanja. Lakini daftari linasema kwamba Jumatano jioni joto lilipanda mpaka 13, na Ijumaa jioni baridi ilishuka chini ya sifuri. Chanjo hiyo imepita katika hatari mbili, wala kichupa hakionyeshi hata moja. Hiyo ndiyo faida ya kalamu na karatasi ya shilingi chache.

Kanuni za friji ni hizi:

1. Kipimajoto kikae katikati ya friji pamoja na chanjo, si mlangoni wala chini ya kigandishio.
2. Kisomwe asubuhi na jioni, Jumapili na sikukuu pia. Umeme haujui sikukuu.
3. Kikiwezekana, kinunuliwe kipimajoto kinachoshika kumbukumbu ya joto la juu kabisa na la chini kabisa. Kisha kusomwa, kianzishwe upya. Viko pia vifaa vidogo vinavyoandika joto vyenyewe usiku na mchana, navyo hufaa sana katika safari.
4. Nafasi tupu ndani ya friji zijazwe chupa za maji, ili baridi idumu umeme ukikatika.
5. Umeme ukikatika, mlango usifunguliwe ovyo. Kila unapofunguliwa, baridi humwagika.
6. Friji ya chanjo isiwekwe soda, nyama wala maziwa. Mwenye kiu hufungua mlango mara kumi kwa siku.
7. Anayeandika atie sahihi yake. Asiyesoma kipimajoto asiandike namba ya kubuni. Afadhali nafasi iachwe wazi. Namba ya uongo ni mbaya kuliko kukosa namba, kwa maana humwambia daktari kwamba kuna usalama mahali ambapo hakuna mtu aliyetazama.

SIKU YA KUCHANJA

Tangu mwaka 2013 kazi nyingi za mifugo ziko mikononi mwa serikali za kaunti, na wachanjaji hutoka katika ofisi za kaunti au ni madaktari wa binafsi walioandikishwa. Mkulima akifika josho na ng'ombe wake, si vibaya kumwambia mchanjaji kwa adabu, "Daktari, shikamoo. Naomba nione kipimajoto cha sanduku, na tarehe ya kichupa." Mtu anayejua kazi yake hatakasirika. Atafunua sanduku upesi, atakuonyesha, na kufunga tena. Asiye na kipimajoto ulizeni zaidi kabla hamjakubali.

Nanyi wakulima mna sehemu yenu. Fikeni mapema, kabla jua halijawa kali. Wekeni ng'ombe tayari, wamefungwa au wamo njiani mwa josho, ili sanduku lisifunguliwe na kungoja. Tengenezeni kivuli cha kuweka sanduku; hata majani ya migomba juu ya vijiti vinne yatosha. Kichupa kimoja tu kitolewe kwa wakati mmoja. Andikeni katika daftari la nyumbani jina la ng'ombe, tarehe, jina la chanjo na namba ya toleo iliyo juu ya kichupa. Shida ikitokea, namba hiyo ndiyo itakayomsaidia daktari kujua kama vichupa vya siku hiyo vilikuwa na kasoro.

Lakini tuseme kweli: si kila chanjo inayoshindwa imeshindwa kwa joto. Ugonjwa wa miguu na midomo una aina kadhaa, na chanjo ya aina moja haikingi nyingine. Ng'ombe aliyekwisha ambukizwa kabla ya kuchanjwa ataugua vilevile. Tena kinga ya ugonjwa huo haidumu, yataka kurudiwa, kwa kawaida mara mbili kwa mwaka. Ndiyo maana daftari lina thamani: likionyesha kwamba baridi ilitunzwa njia nzima, daktari atajua kuitafuta sababu mahali pengine, badala ya watu kulaumiana bure.

BARIDI IKIPOTEA

Ikitokea kwamba chanjo imepata joto au imeganda, fanyeni mambo manne. Iwekeni kando katika baridi ifaayo. Andikeni juu yake USITUMIE. Andikeni katika daftari ni digrii ngapi na kwa muda gani. Kisha mpigieni simu daktari wa mifugo, naye ndiye ataamua. Msiitupe kabla hajasema, wala msiitumie.

Kuirudisha chanjo katika friji hakuponyi kitu. Joto likisha kuiua, barafu haiifufui. Daktari akisema imwagwe, msimnung'unikie kwa sababu ya gharama. Bei ya kichupa ni ndogo kuliko bei ya ng'ombe mmoja wa gredi. Ugonjwa wa miguu na midomo ukiingia katika skimu, maziwa hupungua, karantini hutangazwa, soko la ng'ombe hufungwa, na karo ya shule hukosa mahali pa kutoka.

DAWA ZA WATU NYUMBANI

Sheria hizi si za ng'ombe tu. Chanjo nyingi za watoto hospitalini zina alama ndogo juu ya kichupa: duara, na ndani yake mraba mweupe. Alama hizo zilianza kutumika mwaka 1996 kwa chanjo ya polio. Joto likizidi, mraba huwa mweusi polepole. Mraba ukifanana na duara au ukiwa mweusi kulilipita, kichupa hakitumiki. Ila alama hiyo huonyesha joto tu, haionyeshi kuganda. Kwa hiyo kipimajoto bado chahitajika.

Mwenye ugonjwa wa sukari anayetumia insulini aifahamu kanuni hii: chupa ambayo haijafunguliwa yataka digrii 2 hadi 8 na isigande kamwe, iliyofunguliwa hukaa kwa muda wa kama wiki nne mahali penye ubaridi, pasipo jua. Mwaka 2021 wataalamu walitangaza matokeo ya vipimo vilivyofuata hali ya joto la kambi ya Dagahaley, kaskazini ya Kenya. Waliona kwamba insulini waliyoipima ilibaki na nguvu kwa wiki nne, joto likipanda na kushuka kati ya digrii 25 na 37. Hiyo ni habari njema kwa asiye na friji, lakini haikupatikana kwa kukisia. Walipima kwanza, wakaandika, ndipo wakasema. Mgonjwa aulize kwa muuguzi wake kabla ya kubadili desturi yake.

MASWALI YA KUJIPIMA

Msomaji ayajibu haya bila kutazama nyuma, kisha awaulize jirani zake siku ya mkutano wa chama:

1. Chanjo ya miguu na midomo huharibiwa na mambo gani mawili?
2. Kwa nini pakiti ya barafu hutikiswa kabla ya kutiwa sandukuni?
3. Katika daftari la friji tulilolisoma, ni siku zipi mbili zilizokuwa na hatari, na kwa nini mtu aliyekuja Jumamosi asingejua?
4. Kwa nini kuandika namba ya kubuni ni vibaya kuliko kuacha nafasi wazi?
5. Mambo manne ya kufanya baridi ikipotea ni yapi?

Chama ambacho hakina kipimajoto na kianze na hicho. Kipachikwe ndani ya friji, daftari na kalamu vifungwe kwa uzi mlangoni, na mtu mmoja achaguliwe kwa jina kusoma asubuhi na jioni. Wa pili achaguliwe wa kumshikia zamu akiwa safarini. Kazi hiyo yaweza kuanza kesho asubuhi, wakati wa kupeleka maziwa.